Shajara ya mradi: jalada la mailofibrosisi, kutoka ripoti ya uloto hadi swali la dawa

Lengo ni jalada tupu la Kiswahili, karatasi moja pande mbili, ambalo mgonjwa wa mailofibrosisi (saratani ya damu inayojaza makovu kwenye uloto, yaani uboho wa mifupa) au ndugu anayemuuguza atalijaza na kwenda nalo kliniki. Jalada halichagui dawa. Linapanga majibu ya vipimo kwa namna ambayo daktari wa damu atayasoma kwa dakika tano, na linamfikisha mgonjwa kwenye swali moja la kuuliza. Anayetaka kuliiga kwa ugonjwa mwingine wa uloto afuate hatua hizi hizi, abadilishe takwimu tu.

3 Februari 2024: Ugonjwa wenyewe

Toleo la majaribio lilianza na orodha ya dawa, kwa sababu ndicho kitu ambacho kila mtu huuliza kwanza. Halikufaa kitu. Dawa ileile ni sahihi kwa mgonjwa mmoja na hatari kwa mwingine, na tofauti iko kwenye idadi ya chembe sahani, jeni iliyoharibika na kiwango cha hatari. Orodha ikahamishiwa mwisho, ugonjwa ukaja mwanzo.

Kwa ufupi: seli mama moja ya uloto hupata hitilafu kwenye jeni na kuanza kuzaa bila kusikia amri ya kuacha. Megakariosaiti, zile seli kubwa zinazotengeneza chembe sahani, huongezeka, hupoteza umbo lake na kumwaga vichochezi vinavyojaza nyuzi za kovu ndani ya uloto. Damu ikikosa nafasi mfupani, bandama na ini hugeuzwa viwanda vya muda. Ndiyo maana upande wa kushoto wa tumbo huvimba na mtu hushiba kwa matonge machache.

Gustav Heuck alieleza wagonjwa wa kwanza mwaka 1879. William Dameshek aliuweka kwenye familia moja na magonjwa mengine ya uloto yanayofanana nao mwaka 1951. Hitilafu ya jeni JAK2 iitwayo V617F iligunduliwa mwaka 2005, ya jeni MPL mwaka 2006, ya jeni CALR mwaka 2013. Kati ya wagonjwa wa mailofibrosisi, nusu hadi asilimia 60 wana JAK2, asilimia 20 hadi 25 wana CALR, na asilimia 5 hadi 8 wana MPL. Takriban mmoja kati ya kumi hana yoyote kati ya hizo tatu, kwa hiyo jibu la "JAK2 haipo" halifuti ugonjwa. Sentensi hiyo imewekwa kwenye jalada kwa herufi nzito, maana ndipo watu wengi hurudishwa nyumbani mapema.

17 Februari 2024: Bandama kubwa si lazima iwe saratani

Miongozo ya Ulaya na Marekani hudhani kwamba mtu mwenye bandama iliyovimba ana ugonjwa wa damu. Kwetu Afrika Mashariki dhana hiyo inapotosha. Sehemu ya kwanza ya jalada imeandikwa upya ili iwe mlango wa kuchuja:

Malaria ya muda mrefu inaweza kuvimbisha bandama hadi kitovuni. Dalili yake ni IgM (aina ya kingamwili) iliyopanda sana, na bandama hupungua baada ya miezi kadhaa ya dawa za malaria. Kichocho cha tumbo huziba mishipa ya ini na kuivimbisha bandama kwa njia hiyo. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa swali hili haliepukiki. Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, huulizwa kwa aliyeishi Baringo, Turkana au Pokot Magharibi nchini Kenya. Kifua kikuu nacho kinaweza kujificha ndani ya uloto na kutoa hata makovu.

Kisha leukemia sugu ya mailoidi, saratani ya damu inayotokana na jeni mseto BCR-ABL. Hii ndiyo ya kuondoa kabla ya nyingine zote, kwa sababu ina dawa inayofanya kazi vizuri mno, imatinibu (Glivec), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wameipata bure kupitia mpango wa The Max Foundation. Mashine za GeneXpert, zilezile zinazopima makohozi ya TB, zina katriji yake ya BCR-ABL. Angalizo: katriji hiyo husoma aina ya p210 tu. Ndiyo inayopatikana kwa wagonjwa karibu wote, lakini si wote.

Mstari wa mwisho wa sehemu hii: BCR-ABL imepimwa? Tarehe? Jibu? Ukiwa mtupu, usigeuze karatasi.

9 Machi 2024: Sampuli, na mahali zinapoharibikia

Hatua za kawaida hazihitaji maelezo marefu: hesabu kamili ya damu, filamu ya damu chini ya hadubini, LDH (kimeng'enya kinachopanda seli zikivunjika), biopsi yaani kipande cha mfupa wa nyonga, kipimo cha jeni. Makosa ndiyo yaliyokula muda.

Kwanza, sindano ya kuvuta majimaji ya uloto mara nyingi hutoka kavu. Nyuzi zimeshika kila kitu. Ripoti ikiandikwa "sampuli haikutosha" familia hudhani mtaalamu alikosea, kumbe ukavu huo wenyewe ni dokezo. Kinachohitajika ni kipande cha mfupa, urefu wa sentimita 1.5 au zaidi, kilichopakwa rangi ya fedha ili nyuzi zionekane. Makovu hupewa daraja kuanzia MF-0 hadi MF-3. Ripoti isiyotaja daraja irudishwe ikaongezewe. Kipande kikiwa bado maabara, hakuna haja ya kumchoma mtu tena.

Pili, mirija. Kipimo cha jeni kinataka mrija wa kifuniko cha zambarau, wenye EDTA. Wa kijani una heparini, na heparini huzuia kipimo cha PCR kufanya kazi. Sampuli ya JAK2 na CALR huvumilia safari ya siku chache kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Ya BCR-ABL hutegemea RNA, nayo huoza upesi, hivyo isitolewe damu Ijumaa jioni ikalale kwenye boksi hadi Jumatatu.

Tatu, kipande cha mfupa hulainishwa kabla ya kukatwa. Kikilainishwa kwa asidi kali, DNA yake huharibika. Mpango wa kupima jeni kutoka kwenye kipande cha zamani uliondolewa kwenye jalada kwa sababu hiyo. Jeni zipimwe kwenye damu, inatosha.

Kwenye filamu ya damu tafuta mambo mawili: chembe nyekundu zenye umbo la tone la chozi, na seli changa nyekundu na nyeupe zilizotoka nje ya uloto kabla ya wakati wake. Fundi maabara mzoefu huyaona bila mashine yoyote ya bei kubwa. Mashine ya hesabu ya damu peke yake huyapita.

20 Aprili 2024: Alama za hatari

Hapa ndipo toleo la pili lilipovunjika vibaya zaidi.

Kipimo kilichochaguliwa ni DIPSS cha mwaka 2010, mfumo wa alama unaokadiria mgonjwa wa mailofibrosisi ataishi muda gani, kwa kuwa hakihitaji vipimo vya jeni na kinaweza kurudiwa wakati wowote wa ugonjwa. Umri zaidi ya miaka 65: alama 1. Himoglobini chini ya 10 g/dL: alama 2. Chembe nyeupe zaidi ya 25,000: alama 1. Seli changa aina ya blasti asilimia 1 au zaidi: alama 1. Dalili za mwili mzima (homa, jasho zito au kupungua uzito): alama 1. Jumla 0 ni hatari ndogo, 1 hadi 2 ni ya kati ya kwanza, 3 hadi 4 ni ya kati ya pili, 5 hadi 6 ni kubwa.

Chukua mgonjwa wa mfano, si mtu halisi: miaka 67, himoglobini 9.4, chembe nyeupe 14,200, blasti asilimia 1, anatokwa jasho zito usiku. Jumla yake ni 1 + 2 + 0 + 1 + 1, yaani 5. Hatari kubwa.

Mgonjwa huyohuyo akipimwa katika baadhi ya nchi za Ulaya, himoglobini itaandikwa 94, kwa kuwa kule hutumia gramu kwa lita. Mjazaji akiona 94 haiko chini ya 10, anaandika sifuri. Alama zinashuka hadi 3 na mgonjwa anahama kundi kwa kosa la kalamu. Kwenye DIPSS, watu wa hatari kubwa waliishi kwa wastani mwaka mmoja na nusu na wale wa kati ya pili miaka minne, hivyo kosa hilo si dogo. Marekebisho: kila kisanduku sasa kina kizio kilichochapishwa ndani yake, na pembeni maneno "ikiwa namba ni zaidi ya 30, gawa kwa 10".

Blasti nazo zilileta mkanganyiko. Ripoti ya uloto hutaja blasti za uloto, lakini DIPSS inataka za damu ya mkononi. Visanduku vimetenganishwa, na cha uloto kimewekwa kivuli ili kisihesabiwe.

Bandama pia. "Bandama sm 16" inaweza kuwa urefu wote kwenye ultrasound, ambao kwa kawaida hauzidi 12 au 13, au sentimita zilizopapaswa chini ya ubavu. Ya kwanza ni uvimbe wa wastani, ya pili ni bandama iliyoshuka hadi karibu na nyonga. Jalada sasa linauliza zote mbili, kila moja na mstari wake.

Tatizo lililochelewa kuonekana: wagonjwa ambao mailofibrosisi yao ilitokana na polisaithemia vera (chembe nyekundu kuzidi) au thrombosaithemia (chembe sahani kuzidi), magonjwa ya familia hiyohiyo. DIPSS haikutengenezwa kwao. Wao wana MYSEC-PM ya mwaka 2017: umri mara 0.15, himoglobini chini ya 11 alama 2, chembe sahani chini ya 150,000 alama 1, blasti asilimia 3 au zaidi alama 2, kukosa hitilafu ya CALR alama 2, dalili za mwili mzima alama 1. Jumla chini ya 11 ni hatari ndogo. 16 na kuendelea ni kubwa. Swali la "ulianza na ugonjwa gani?" limepandishwa juu kabisa ya ukurasa, kwa sababu ndilo linaloamua utumie kipimo kipi.

8 Juni 2024: Dodoso la dalili

Dodoso la MPN-10 (MPN ni kifupi cha Kiingereza cha familia hii ya magonjwa) lina dalili kumi, kila moja hupewa 0 hadi 10: uchovu, kushiba haraka, maumivu ya tumbo, kushindwa kazi, kukosa umakini, jasho la usiku, kuwashwa, maumivu ya mifupa, homa, kupungua uzito. Jumla ya juu ni 100. Tafiti nyingi za dawa hutumia jumla ya alama za dalili ya aina hii kuamua kama dawa imefaa, kwa hiyo kuijaza kabla ya kuanza tiba ni lazima. Usipoijaza mwanzoni hutakuwa na cha kulinganisha miezi sita baadaye.

Jasho lilisumbua. Dar es Salaam mwezi Februari, kwenye chumba chenye feni moja, kila mtu hutokwa jasho usiku, na waliojaza rasimu walitoa alama za juu bila kujali ugonjwa. Swali limefanywa la kitendo: "Je, umelazimika kubadili nguo au shuka kwa kuloa, wakati mwenzako wa chumbani hakuloa?" Kuwashwa nako kumefungwa kwenye kuoga, kwa sababu muwasho wa magonjwa haya mara nyingi huja baada ya maji kugusa ngozi, bila vipele.

Uzito: usiulize "umepungua?" Andika kilo za leo na kilo za mwaka jana. Kupungua zaidi ya asilimia 10 ndani ya mwaka kunaingia kwenye alama za DIPSS.

13 Julai 2024: Dawa, na vikwazo vya kwetu

Tiba pekee inayoweza kuung'oa ugonjwa ni kupandikiza seli mama kutoka kwa mtu mwingine. Huzungumzwa hasa kwa hatari ya kati ya pili na kubwa, kwa mwenye nguvu za kuhimili. Hatari ya kufa kutokana na tiba yenyewe ni ya kweli, na isifichwe. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wapimwe mapema HLA, alama za seli zinazoonyesha nani anafaa kumtolea mgonjwa. Kusubiri hadi mgonjwa awe taabani ni kupoteza nafasi.

Ruksolitinibu, kidonge cha kundi la vizuizi vya JAK, huuzwa kama Jakavi nje ya Marekani na Jakafi ndani yake. Iliidhinishwa Marekani Novemba 2011. Katika utafiti wa COMFORT-I, asilimia 41.9 ya walioitumia bandama yao ilipungua ujazo kwa angalau asilimia 35 katika wiki 24, dhidi ya asilimia 0.7 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Punguzo hilo la ujazo ni sawa na takriban nusu ya urefu unaopapaswa. Si kupona, na jalada linasema hivyo waziwazi. Dozi ya kuanzia hufuata chembe sahani: zaidi ya 200,000 ni mg 20 mara mbili kwa siku, 100,000 hadi 200,000 ni mg 15, 50,000 hadi chini ya 100,000 ni mg 5. Himoglobini hushuka zaidi kati ya wiki ya 8 na ya 12, kisha mara nyingi hupanda kiasi. Asiyeambiwa mapema huacha dawa wiki ya kumi akidhani inamuua. Na kuiacha ghafla ndiko kunakoweza kumlaza: homa, bandama kuvimba upya, kuishiwa pumzi. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa mwongozo wa daktari.

Sasa kikwazo ambacho karatasi nyingi za kigeni hukitaja kwa mstari mmoja. Ruksolitinibu hulegeza kinga na inaweza kuamsha TB iliyolala. TB hutibiwa kwa rifampisini, na rifampisini hupunguza kiwango cha ruksolitinibu mwilini kwa asilimia 71. Mtu anajikuta na TB inayohitaji dawa inayoiua dawa ya pili. Kwa hiyo TB ichunguzwe kabla ya kidonge cha kwanza: historia ya kukaa na mgonjwa wa TB, picha ya kifua, kipimo cha ngozi au cha damu kinapopatikana. Dawa ya kinga ikihitajika, wakumbushe wahudumu kwamba rifapentini ni ya ukoo huohuo. Homa ya ini B nayo ipimwe.

ARV: dozi zenye ritonavir, atazanavir na lopinavir hupandisha kiwango cha ruksolitinibu, na dozi lazima ishushwe. Dolutegraviri haina shida hiyo. Dawa za fangasi za ukoo wa ketokonazoli na antibayotiki ya klarithromaisini zimo kwenye kundi la kupandisha. Kisanduku cha "dawa zote unazotumia, pamoja na za dukani na za mitishamba" kimepewa nafasi kubwa kuliko kingine chochote upande wa pili.

Zilizofuata, kwa haraka: fedratinibu (Inrebic) ya 2019, ambayo hudai vitamini B1 ipimwe kwanza kwa sababu ya hatari ya kudhuru ubongo, pakritinibu (Vonjo) ya 2022, kwa walio chini ya chembe sahani 50,000, momelotinibu (Ojjaara) ya Septemba 2023, kwa walio na upungufu wa damu. Tarehe zote ni za idhini ya Marekani.

Haidroksiurea ndiyo inayopatikana. Hospitali nyingi zinaijua kupitia kliniki za selimundu, vidonge vya mg 500. Hupunguza chembe na bandama kwa baadhi ya wagonjwa, ila haigusi dalili kama ruksolitinibu, na hesabu ya damu lazima irudiwe mara kwa mara. Isidharauliwe kwa kuwa ni rahisi.

Kukata bandama kumewekwa chini kabisa. Vifo vya karibu na upasuaji kwa wagonjwa hawa vimeripotiwa kati ya asilimia 5 na 10, na mtu asiye na bandama katika nchi ya malaria yuko kwenye hatari nyingine ya maisha yote. Ikibidi, chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo zitangulie upasuaji kwa wiki mbili angalau.

24 Agosti 2024: Kutafuta majaribio ya dawa

Sajili tatu zinatosha: ClinicalTrials.gov, jukwaa la Shirika la Afya Duniani linalokusanya sajili za nchi mbalimbali, na PACTR ya Afrika. Zote ni bure. Andika myelofibrosis, chuja "yanayoandikisha", kisha soma masharti kabla ya kusoma sifa za dawa.

Utafutaji wa kwanza ulileta rundo lisilosomeka. Kilichosaidia ni kuyapanga kwa maswali manne: mgonjwa ameshatumia kizuizi cha JAK au bado? Chembe sahani ni ngapi? Bandama imepapaswa sentimita 5 au zaidi chini ya ubavu? Ana TB, VVU au homa ya ini? Rundo hupungua sana hapo. Swali la tano huua mengi yaliyobaki: nani ataishi karibu na kituo na kurudi kila wiki chache? Vituo vingi viko Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki.

Jinsi ya kusoma matokeo: mfano mzuri ni MANIFEST-2, uliowasilishwa Desemba 2023, ambapo dawa ya majaribio, pelabresibu, iliunganishwa na ruksolitinibu. Waliofikia punguzo la bandama la asilimia 35 walikuwa asilimia 65.9, dhidi ya 35.2 kwa ruksolitinibu peke yake. Vichwa vya habari viliishia hapo. Waliopata nafuu ya nusu ya dalili walikuwa 52.3 dhidi ya 46.3, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Jalada lina safu mbili, bandama na dalili, na zote mbili hujazwa.

Makala zilizofungiwa malipo zilipatikana kwa njia mbili: PubMed Central, hifadhi ya makala ya bure mtandaoni, na maktaba za vyuo vya tiba zilizosajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu. Hakuna makala iliyonunuliwa.

2 Novemba 2024: Gharama na toleo la kuchapisha

Kutengeneza jalada ni bando la intaneti na muda. Kuchapisha ni Sh 200 hadi 300 kwa nakala ya pande mbili, nyeusi na nyeupe. Rangi ziliachwa baada ya nakala za fotokopi kufuta vivuli vya visanduku. Sasa kisanduku kisichohesabiwa kina mkato wa mshazari.

Bei za vipimo hazimo kwa makusudi, hupitwa na wakati kabla wino haujakauka. Badala yake kuna maswali ya kuuliza maabara kwa simu: mnapima hapa au mnatuma nje? Jibu la JAK2 huja na asilimia au ndiyo na hapana tu? JAK2 ikikosekana, mnaendelea na CALR na MPL kwenye sampuli ileile au natoa damu upya? Swali la tatu limeokoa fedha kuliko jingine lolote.

Bei ya Jakafi Marekani inazidi dola 10,000 kwa mwezi. Zipo nakala zinazotengenezwa Bangladesh kwa bei ya chini sana. Kabla ya kulipa, jina la dawa na kiwanda viangaliwe kwenye rejista ya TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Isipokuwamo, ulizia kibali cha kuingiza dawa ya mgonjwa mmoja, kinachoanza na barua ya daktari. Na hesabu ifanywe ya mwaka mzima, kwa kuwa kuanza dawa hii na kuishiwa mwezi wa tatu ni hatari kuliko kutoianza.

Kazi iliyobaki: jedwali la MYSEC-PM bado linahitaji kikokotoo, wengi hukosea kuzidisha umri kwa 0.15. Jaribio linalofuata ni kuchapisha safu ya umri iliyokwisha kukokotolewa, kuanzia miaka 40 hadi 85.